Namna ya kuandika riwaya ya familia tajiri ya kwetu, pesa ionekane inavotembea

Kuna riwaya nyingi siku hizi za familia tajiri, vijana wanaziandika kipande kipande kwenye simu na watu wanazisubiri kwa hamu, na mie sina ubaya nazo kabisa, mana familia tajiri ni pahala pazuri pa kuhadithia, kuna nyumba kubwa, kuna siri, kuna watu wanaosubiri mtu afe. Kinachonisikitisha ni kuwa ukimaliza kusoma hujui ile pesa ilitoka wapi. Baba ni bilionea, ana makampuni, ana gari nyeusi na mlinzi getini, basi, afu hadithi nzima inahamia kwenye mapenzi ya mtoto wa tajiri na binti masikini mpaka siku ya harusi. Familia kama hiyo unaweza kuipeleka Lagos au Mumbai na hakuna hata sentensi moja itakayobadilika.

Sasa hapa nataka nieleze namna ya kuandika familia tajiri ya kwetu Zanzibar hasa, ya Shangani au Wete au Mazizini, ambayo msomaji akisoma kurasa chache tu za mwanzo anajua kila shilingi imetoka mkono gani na inakwenda mkono gani. Hilo ndo jambo lenyewe ninalolitaka. Pesa kwenye riwaya lazima itembee, itoke kwa mtu iende kwa mtu, na kila ikitembea iache kitu nyuma yake, deni, hasira, shukrani, aibu. Pesa iliokaa kimya benki haina hadithi.

Chagua mali moja uishikilie

Usianze na "utajiri", anza na kitu. Nyumba moja, shamba moja, duka moja. Familia inaweza ikawa na vitu kumi lakini riwaya iwe na kimoja ambacho kila mtu anakitaka au anakichukia, na wewe mwandishi ukijue kitu hicho kuliko wahusika wako.

Kama ni nyumba ya Mji Mkongwe basi ijue mpaka dari. Kuta za mawe na chokaa, boriti za miti zinazooza maji yakiingia, ngazi zilizochoka, mlango wa kuchonga ambao kila mtalii anaupiga picha na hakuna anaejua kuwa ndani mna ndoo tatu zinakinga mvua. Nyumba kama hizo zinakula pesa. Afu tokea Mji Mkongwe uingizwe kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000 huwezi tu kuamka ukabomoa ukajenga unavotaka, lazima kibali kwa wahusika wa hifadhi, na ufundi wa chokaa si sawa na kubandika saruji. Beit el Ajaib yenyewe, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, watu wakiangalia. Kwa hivo ukiandika familia ilorithi jumba na haina pesa ya kulitengeneza tayari una riwaya, hujahitaji hata jambazi. Wana mali ya mamilioni na hawana pesa ya bomba. Hali hiyo ipo, na ni nzuri sana kwa mwandishi mana kila mtu nje anawaona matajiri, wao wenyewe ndani wanajuana.

Kama ni shamba la karafuu basi nenda Pemba ukakae msimu mmoja, au angalau kaa na mtu aliewahi kuchuma. Msomaji wa Wete atakukamata mara moja ukiandika vitu vya kubuni. Karafuu inachumwa mbichi juu ya mkarafuu, mrefu, watu wanavunjika miguu na wengine wanakufa kabisa, mchumaji analipwa kwa pishi, na pishi ni kipimo cha vibaba vinne. Jioni watu wanakaa kuchambua, karafuu upande huu, makonyo, yani vikonyo vyake, upande huu, wanawake na watoto, maneno yanapita hapo, posa zinapangwa hapo. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi na mtu anazilinda, wingu likitanda mbio kuzianua. Ikishakauka uzito umepungua sana, kilo tatu hivi mbichi unatoka na kilo moja kavu. Hapo una tajiri mwenye shamba ambae pesa yake yote mwezi mzima imelala juani uani, na anaangalia mbingu. Niambie kama kuna benki inayotisha vile.

Jambo jengine ambalo waandishi wengi hawalitumii kabisa na linanishangaza, ni kuwa kwetu miti inaweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa si yake. Mtu anarithi mikarafuu mitatu na minazi miwili ndani ya shamba linalolimwa na mwengine. Kwa riwaya hii ni neema. Ndugu wawili waliogombana miaka wanakutana kila msimu chini ya mti mmoja, mmoja mwenye mti, mwengine mwenye muhogo uliopandwa chini yake unaokanyagwa na wachumaji.

Jua pesa ya familia ilizaliwa lini

Tajiri wa mwaka 1870 si tajiri wa 1950, na wa 1950 si wa leo. Hapa naomba utulie kidogo, mana ndipo panapoharibika.

Familia za karafuu za karne ya 19 utajiri wao ulisimama juu ya kazi ya watumwa, tuseme ukweli. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897, na ukiandika babu wa babu aliejenga jumba kabla ya hapo bila ya kumuonesha aliechuma karafuu zake unamdanganya msomaji. Huhitaji kuhubiri. Muoneshe tu mtu, mpe jina, mpe kitukuu ambae leo anaishi Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na anajua ile nyumba ilijengwa na mikono ya nani. Mwaka 1872 kilipiga kimbunga kikubwa kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tokea hapo Pemba ndio iliokuwa inatoa karafuu nyingi. Tazama jambo hilo peke yake linavobadilisha familia: ndugu wa Unguja alielala tajiri kaamka hana kitu, ndugu yake wa Pemba aliekuwa anaonekana mshamba ndie anaeombwa mkopo.

Na mkopo ndo kiini cha hadithi zote hizo za zamani. Wenye mashamba wengi waliokuwa wakionekana mabwana wakubwa walikuwa na madeni mpaka shingoni, kwa wafanyabiashara wa Kihindi walokuwa wanakopesha kabla ya msimu. Na kwa kuwa riba ni haramu walikuwa na njia yao, bei ya khiyari. Unaliuza shamba lako kwa anaekukopesha, kwa sharti kuwa ukimrejeshea pesa yake mpaka muda fulani shamba linarudi kwako, na muda huo wote wewe umekaa kwenye shamba lako lile lile unamlipa kodi kama mpangaji. Yani bwana shamba anapokea wageni barazani, kahawa inazunguka, watu wanamwamkia, na karatasi inasema shamba si lake. Ukitaka kuandika sura moja tu ya familia tajiri ya zamani, andika hiyo. Siku ya mwisho ya muda, karafuu bado ziko juu ya jamvi hazijakauka, na yule anaedai anakuja na anaamkia kwa adabu kabisa.

Usimfanye mkopeshaji shetani lakini. Yeye nae alikuwa anadaiwa na wakubwa wake, na kuna pesa iliotoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi ikajenga vitu vya watu wote. Ile zahanati ya zamani pale bandarini yenye baraza za mbao za kuchonga ilikuwa sadaka ya Tharia Topan, tajiri na mkusanyaji ushuru wa Sultani.

Noti nayo iangalie. Kabla ya 1936 watu Unguja na Pemba walikuwa wanahesabu kwa rupia, mwaka 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki na rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu, shilingi ya Tanzania ikaja 1966. Mhusika wako wa mwaka 1950 akilipa mshahara kwa rupia umeshaharibu. Lakini bibi yake anaweza kabisa kuendelea kuhesabu kichwani kwa rupia, wazee ndo walivo, na hilo lina utamu wake. Kuna pesa ndogo za shaba za Sayyid Barghash za 1299 Hijria, yani 1882, upande mmoja maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani. Mtie bibi moja kwenye kisanduku chake cha dhahabu. Haina thamani yoyote sokoni siku hizo za uzee wake lakini yeye anajua nani alimpa.

Bei za zamani usizibuni. Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kuna magazeti ya zamani, Samachar, Al-Falaq, Mwongozi, matangazo ya maduka na ya minada yamo, na tangazo moja la mnada wa shamba linakufunza zaidi kuliko kusoma maelezo ya mtu mwengine kuhusu mnada.

Afu Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964. Hapa waandishi wanagawika, kuna wanaoandika machozi ya waliopoteza tu, na kuna wanaoandika furaha ya waliopata tu. Ardhi ilichukuliwa na serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu, nyumba nyengine za Mji zikachukuliwa pia. Riwaya ya pesa inahitaji wote wawili ndani ya ukurasa mmoja. Yule alietoka na sanduku moja usiku akapanda chombo, na yule aliepewa karatasi ya eka tatu kwa mara ya kwanza katika ukoo wake, akasimama kwenye shamba aliloanza kulilima akiwa mtoto wa kibarua. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Nakuomba sana uwape maneno sawa. Na usisahau kilichofuata, miaka ya 70 karafuu duniani ilikuwa na bei kubwa na serikali ndo mnunuzi peke yake, kwa hivo magendo kwenda Mombasa usiku kwa mashua kutoka Pemba, watu walifungwa kwa hayo. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, wanazitia kwenye sigara zao, walipopanda zao wenyewe zikawatosha bei ikaanguka vibaya miaka ya 80. Na mwaka 1984 Zanzibar ikafungua biashara, maduka yakajaa vitu. Matajiri wengi wa leo babu yao wa kipesa ni mwaka huo: bidhaa za Dubai, maduka ya Darajani, Wapemba waliovuka wakashika maduka Kariakoo Dar. Baadae ikaja hoteli na kukodisha ufukwe.

Chagua kizazi kimoja kiwe ndio sasa hivi ya riwaya, hivyo vyengine vije kwa mazungumzo na kwa vitu vilivobaki ndani ya nyumba. Ukivieleza vyote kwa mfululizo utakuwa umeandika historia.

Nani anaomba, nani anahesabu

Sasa tuingie ndani. Ukishakuwa na mali yako moja chukua karatasi uandike majina ya wahusika wote, afu mbele ya kila jina jibu haya: pesa yake ya mkononi inatoka kwa nani, anamficha nani, na nani akija kumuomba hawezi kumkatalia. Fanya kwa wote mpaka dereva na mpishi. Hili zoezi lina nguvu ajabu, mana utagundua kuwa mtoto wa tajiri alievaa saa ya thamani hana pesa yake hata ya vocha mpaka aombe, na mpishi kwa siri ana viwanja viwili Fuoni.

Wanawake hasa. Riwaya nyingi zinamfanya mke wa tajiri ni wa kununua vitu tu, na hiyo si kweli ya kwetu. Mahari ni yake. Dhahabu ni yake, bangili zile ndo akiba iliosomesha watoto wengi visiwani humu. Mke wa tajiri nae anacheza upatu na majirani, na si kwa shida, ni kwa sababu pesa ya upatu mume haijui. Siku atakayoipokea ndo siku ya kuandikia sura.

N'kuoneshe mfano mdogo. Baba keshakufa mwaka juzi, mali haijagaiwa. Kaka mkubwa kaja kumwangalia mama yake Ijumaa baada ya sala, kanzu nyeupe, ananukia udi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, yule mpangaji wa duka la Darajani kaleta?"

"Kaleta."

"Kiasi gani?"

Bi Mkubwa akanyanyua kikombe cha kahawa, akanywa kwanza. "Kaleta alichoniletea."

"Nauliza tu mama, kwa hesabu."

"Hesabu ya nani? Baba yako alipokuwa hai hukuniuliza hesabu hata siku moja."

Kaka mkubwa akacheka kidogo, macho yake yako kwenye pindo la kanga, pale palipofungwa fundo. Mdogo wake wa kike alikuwa kasimama mlangoni na sinia la halua, kila neno analisikia. Yeye anajua mna nini kwenye lile fundo. Mna laki tatu. Asubuhi zilikuwa laki tano, na mbili kachukua yeye ada ya chuo, na mama kamwambia, mwanangu, kaka yako asijue.

Hakuna mahala nimesema familia hii ni tajiri, na hakuna mtu alietukana mtu. Lakini msomaji keshajua duka liko wapi, kodi ni kiasi gani, nani anadhani yeye ndo mwenye mali sasa, na kuna siri ya laki mbili ambayo itakuja kuripuka. Laki mbili, si bilioni mbili. Pesa ndogo ndani ya nyumba kubwa inauma zaidi, wallahi, jaribu utaona. Mtu anaeweza kumsamehe ndugu yake hasara ya milioni mia ya biashara hamsamehe laki mbili alofichwa na mama yake.

Angalia na namna wanavoitana. Kuna binti wa ndugu wa baba aliekuja kutoka shamba anaishi kwenye nyumba ya tajiri, anamwita mwenye nyumba "ami", anafua, anapika, anatumwa dukani, hana mshahara mana "ni mtoto wetu". Huyo ndie mhusika wangu ninaempenda kuliko wote kwenye riwaya za aina hii. Si mtumishi na si mtoto. Anakula walichokula wao lakini baada yao. Akiumwa anapelekwa hospitali, akitaka kuolewa wanaangaliana nani atatoa. Ukitaka msomaji ajue thamani ya pesa kwenye familia hiyo, mpe huyu msichana barua ya chuo na mpe siku tatu za kumkuta ami yake yuko peke yake amwambie.

Mirathi

Hapa ndo moyo wa riwaya ulipo, na hapa ndo waandishi wanabuni vibaya kuliko pengine pote, utaona tajiri anaandika wasia kamuachia mtoto mmoja kila kitu kama sinema ya Marekani. Kwetu haiendi hivo. Kwanza gharama za maziko, afu madeni, afu wasia ambao hauzidi theluthi ya mali na haumwendei mrithi kama warithi wenziwe hawakuridhia, kilichobaki ndo kinagaiwa kwa mafungu yanayojulikana. Kwa hivo ile siri ya "bahasha ya wakili" haina kazi kubwa hapa. Siri zetu ni nyengine.

Fanya hesabu kwa namba. Tuseme baba kaacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, wazee wake walishatangulia, na ile nyumba imeuzwa milioni 320. Mke anachukua thumni, sehemu moja kwa nane, yani milioni 40. Inabaki 280, inagawiwa mafungu saba, mwanamme mawili mwanamke moja, kila fungu ni milioni 40. Watoto wa kiume wanapata 80 kila mmoja, wa kike 40 kila mmoja. Sasa soma tena hizo namba uwaone watu. Mama aliekaa nyumba ile tokea ana miaka kumi na saba anatoka na milioni 40, sawa na binti yake wa mwisho, na nyumba haipo tena. Kama kulikuwa na mke wa pili ambae watu hawakuwa wanamjua, wake wawili wanagawana thumni hiyo hiyo, ishirini ishirini, na akiwa na mtoto wa ndoa mafungu yote yanahesabiwa upya. Hodi mlangoni siku ya tatu ya msiba, mwanamke na kijana ana sura ya marehemu, na mkononi cheti cha ndoa.

Na ugomvi mwingi wa kweli hauko kwenye mafungu, sharia iko wazi na watu wetu wanaiheshimu. Ugomvi uko kwenye kuchelewesha. Kaka mkubwa anasema "tungoje mama atulie", mwaka, miaka mitano, kumi, na kodi za maduka anakusanya yeye, kila Iddi anawapa dada zake bahasha kama zawadi na wao wanasema ahsante kaka. Pesa yao wenyewe wanaishukuru. Andika hio ahsante. Andika siku dada mmoja anapoacha kuisema, anapokwenda kwa kadhi, na familia nzima inamuona yeye ndo mvunja undugu.

Vitu viwili vyengine vya kukusaidia kisa. Hiba, yani baba anampa mtoto kitu akiwa hai, na hiyo inaruhusiwa lakini lazima akikabidhi kweli, sio maneno ya mdomoni huku yeye mwenyewe anaendelea kukaa. Mtoto anaedai "baba alinipa hii nyumba" na ndugu wanauliza alikukabidhi lini, nani shahidi. Na wakfu. Mali ilowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, manufaa yake yanakwenda pale mwenyewe alipotaka, msikitini au kwa kizazi chake au kwa masikini. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndo inasimamia. Sasa familia yako imegombana sura ishirini, mnunuzi wa hoteli keshaleta arubuni, yani malipo ya kutangulia, dalali kashakula yake, sheha, kiongozi wa mtaa, kaitwa kushuhudia, afu karatasi ya mwaka 1920 na kitu inatoka kwenye mkoba wa bibi kuwa nyumba ni wakfu na haijawahi kuwa yao tokea babu. Arubuni keshaitumia kaka. Hapo ndo utakapojua wahusika wako ni watu gani.

Ramadhani na mlango wa tajiri

Usiandike familia tajiri ya hapa bila ya zaka, itakuwa na pengo. Mali ilofikia nisabu, yani kima cha chini cha kutolewa zaka, na kupitiwa na mwaka inatolewa asilimia 2.5, na wengi wanaitoa Ramadhani, utaona foleni kwenye milango ya watu wakubwa tokea alfajiri, wanawake na baibui zao, wazee na bakora, watoto. Kuna tajiri anaetoa mbele ya watu na kuna anaemtuma dereva usiku nyumba kwa nyumba. Usiharakie kusema wa kwanza ni mbaya. Pengine yule wa foleni anatoa kamili mpaka senti na yule wa usiku anatoa anachojisikia. Mkalishe mhusika wako na kikokotoo akihesabu zaka, umuone anavojadiliana na nafsi yake kama dhahabu ya mkewe aitie au asiitie. Ukurasa mmoja wa hivyo unatosha kabisa kumjua mtu.

Na yule alioko kwenye foleni mpe akili. Hili naliomba kwa moyo wote, masikini kwenye riwaya zetu ni mwema tu, analia, anashukuru, anasali. Masikini wa kweli anajua bei kuliko tajiri. Anajua kilo ya mchele leo ni ngapi na jana ilikuwa ngapi, anajua ni mlango gani wanatoa elfu kumi na upi wanatoa elfu mbili na maneno juu. Anaweza kuwa mkali, anaweza kudanganya idadi ya watoto, na bado ana haki yake. Tajiri nae mpe huruma yake ya kweli, si kila mwenye gari kubwa ana roho ya jiwe.

Lugha na kumaliza

Wahusika waseme kama watu wanavosema. Mzee wa Mji haongei kama mtangazaji wa habari, na mtu wa Micheweni kule Pemba haongei kama mtu wa Malindi ya hapa Mjini, ukiwapa wote Kiswahili kimoja cha kitabu umeua nusu ya riwaya. Matajiri wa zamani hata hawasemi neno pesa mbele ya wageni, wanasema "ile amana", "kile kitu", "mzigo wako upo". Matajiri wapya wanataja bei. Tofauti hiyo peke yake inakuchorea vizazi viwili mezani bila ya maelezo.

Kila sura weka bei moja ya kitu cha kawaida, bofulo la mkate, nauli ya daladala, urojo wa jioni, msomaji apate pa kupimia. Halafu weka daftari la hesabu ya familia pembeni ya riwaya, kiasi gani kimeingia, kimetoka, kimebaki kwa nani, na ukimaliza kuandika lipitie kutoka mwanzo, mana utakuta milioni thelathini zimepotea kati ya sura ya tisa na ya kumi na mbili bila ya mtu kuziiba. Ama uzitafute au umtafute mwizi, na mara nyingi mwizi utakaemkuta ni bora kuliko uliekuwa umempanga.

Mwisho wa kisa usimpe tajiri ugonjwa ili ajifunze. Mwache kaka mkubwa ana pesa zake na dada ana zake, nyumba iko pale ilipo, na onesha nani anakwenda kwa nani Iddi ijayo na nani hatii mguu. Na sura ya mirathi, kabla hujaitoa kwa watu, mpelekee mtu anaejua faraidhi, yani hesabu za mirathi, aipitie fungu kwa fungu, hata kama ni ustadhi wa madrasa hapo mtaani kwako, mana ukikosea thumni moja wasomaji wa Pemba watakuandikia wao kabla hata hujala futari.